Watu 39 wa Nikolski, na namna ya kuihesabu jamii ya visiwani

Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2020, kijiji cha Nikolski kilichopo kisiwani Umnak kilihesabiwa kuwa na wakazi 39. Kijiji cha Akutan, ambacho nacho ni cha Waaleut, wenyeji wa asili wa visiwa vya Aleutian huko Alaska, na kimo katika safu hiyohiyo ya visiwa, kilihesabiwa kuwa na wakazi 1,589. Mtu anayelisoma jedwali hilo akiwa Dodoma, kama nilivyolisoma mimi, atadhani kwamba Nikolski ni kijiji kinachotoweka na kwamba Akutan ni mji unaostawi. Hali halisi ni nyingine. Wakazi wengi wa Nikolski ni wenyeji ambao mababu zao wameishi kando ya ghuba ileile tangu kale, ilhali wengi wa wale 1,589 wa Akutan ni wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha kusindika samaki, watu waliotoka nchi mbalimbali, wanaolala katika mabweni ya mwajiri wao na kuondoka msimu wa uvuvi unapokwisha. Akutan yenyewe, ile yenye kanisa, nyumba za familia na wazee wanaojuana kwa koo, ni kijiji kidogo sana kinachokaa pembeni ya kiwanda hicho.

Ninaandika haya nikiwa mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Dodoma, na pia nikiwa mmoja wa waliofanya kazi ya ukarani wa sensa ya mwaka 2022 katika wilaya ya Chemba. Somo la idadi ya watu nimelifundisha kwa muda mrefu, pamoja na msamiati wake wote wa msongamano, uhamaji na viwango vya kuzaliwa na kufa, na kila mara nimehitaji mifano ya mbali inayowafanya wanafunzi waitazame upya mifano ya karibu. Mfano wa Waaleut sijaweza kuuacha, kwa sababu historia yao inauliza jambo ambalo dodoso la sensa haliliulizi: ni nani mwenyeji wa mahali, hata kama usiku wa kuhesabiwa hakulala hapo?

Visiwa vya Aleutian vinaanzia kwenye ncha ya rasi ya Alaska na kuelekea magharibi kwa takriban kilomita 1,900, umbali unaozidi ule wa reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, vikiitenga Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Bering. Ni visiwa vya volkano, na kadhaa kati ya volkano hizo zingali hai. Miti haioti huko kwa asili, isipokuwa vichaka vifupi na nyasi ndefu. Misonobari michache iliyopo Unalaska ilipandwa na Warusi mwaka 1805, na hadi leo inahifadhiwa kama kumbukumbu ya kitaifa. Upepo na ukungu ndivyo vinavyoamua kama ndege itatua au la. Upande wa kaskazini, katikati ya Bahari ya Bering, viko visiwa vya Pribilof, yaani St. Paul na St. George, na upande wa magharibi kabisa, katika ardhi ya Urusi, viko visiwa vya Commander, ambako Waaleut wanaishi katika kijiji kimoja kiitwacho Nikolskoye. Wenyewe hujiita Unangan kwa upande wa mashariki na Unangas kwa upande wa magharibi.

Katika kisiwa kidogo cha Anangula, jirani na Nikolski, wanaakiolojia walifukua mabaki ya makazi yenye umri unaozidi miaka 8,000. Watu hao waliishi kwa kuitegemea bahari: waliwinda sili, simba bahari, fisi maji na nyangumi kwa mitumbwi myepesi ya mbao iliyofunikwa kwa ngozi, wakashona makoti yasiyopitisha maji kwa utumbo wa wanyama wa baharini, wakavaa kofia za mbao zilizokunjwa kwa mvuke, na wanawake wao, hasa wa kisiwa cha Attu, wakasuka vikapu vya nyasi vyenye nyuzi nyembamba kiasi kwamba leo vinatunzwa katika makumbusho makubwa ya dunia. Nyumba yao, iliyoitwa ulax, ilichimbwa ardhini, ikaezekwa kwa mbao zilizoletwa na mawimbi au kwa mifupa ya nyangumi, kisha ikafunikwa kwa nyasi na udongo, na watu waliingia kwa ngazi kupitia tundu la paani. Msomaji aliyewahi kulala ndani ya tembe la Kigogo ataielewa hekima hiyo bila maelezo marefu: nyumba ya chini, iliyobebwa na udongo wa mahali, ambayo upepo unapita juu yake.

Wataalamu wengi hukadiria kwamba kabla ya kuja kwa Warusi Waaleut walikuwa kati ya 12,000 na 15,000. Mwaka 1741 safari ya Vitus Bering, nahodha aliyeitumikia Urusi, ilifika katika maji hayo. Bering mwenyewe alifariki katika kisiwa ambacho leo kina jina lake, lakini mabaharia waliosalia walirudi Kamchatka na ngozi za fisi maji, na bei ya ngozi hizo ikawavuta wafanyabiashara wa manyoya kwa wingi. Wafanyabiashara hao waliteka wanawake na watoto na kuwafanya mateka ili wanaume walazimike kuwawindia. Waaleut wa visiwa vya mashariki walipoinuka dhidi yao katika miaka ya 1763 na 1764, kisasi kilichoongozwa na Ivan Solovyov kiliteketeza vijiji pamoja na mitumbwi na zana za uwindaji, na jamii ya bahari iliyonyang'anywa mitumbwi haina njia nyingine ya kupata chakula. Maradhi yakamalizia kazi hiyo, ikiwemo ndui ya mwaka 1838. Katika miaka ya 1830 walikuwa wamebaki watu takriban 2,000 tu. Ninapowaandikia wanafunzi takwimu hizi ubaoni huwa ninanyamaza kidogo, kwa kuwa mchoro wa mstari unaoshuka hauelezi kwamba kila nukta ndani yake ni kijiji kilichokuwa na jina.

Warusi pia waliwahamisha Waaleut kama wanavyohamishwa vibarua wa shamba. Visiwa vya Pribilof havikuwa na wakazi. Baada ya baharia wa Kirusi Gavriil Pribylov kuvifikia mwaka 1786, Waaleut walipelekwa huko ili wachinje sili wa manyoya, ambao hukusanyika kuzaliana katika fukwe hizo kwa maelfu kwa maelfu. Katika miaka ya 1820 wengine walipelekwa visiwa vya Commander kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo jamii mbili ambazo leo tunazihesabu kuwa za kale katika visiwa hivyo zilianzishwa kwa amri ya kampuni za biashara ya manyoya. Marekani ilipoinunua Alaska mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, mpaka wa nchi ukapita katikati ya ndugu: waliokuwa Commander wakabaki raia wa Urusi na wengine wakawekwa chini ya Marekani. Kutoka Attu hadi visiwa vya Commander ni takriban kilomita 330 tu, lakini kwa miongo mingi ya karne ya 20 siasa ziliufanya umbali huo usipitike.

Hata hivyo, si kila kilichotoka Urusi kilikuwa kifungo. Padri Ivan Veniaminov alifika Unalaska mwaka 1824, akajifunza lugha ya wenyeji, na kwa kushirikiana na kiongozi wa Kialeut aitwaye Ivan Pankov akaiundia alfabeti na kutafsiri katekisimu na Injili ya Mathayo. Katika muda mfupi Waaleut wengi walijua kusoma na kuandika lugha yao wenyewe, jambo ambalo serikali iliyofuata haikulipa uzito. Kanisa la Kiorthodoksi lilizama katika maisha yao hata likawa lao kabisa. Hadi sasa majina mengi ya ukoo ni ya Kirusi, na wakati wa Krismasi ya Januari waumini huzunguka nyumba kwa nyumba wakiimba na kuibeba nyota iliyopambwa. Mimi naliona kanisa hilo kuwa ndilo lililoshika daftari la kweli la jamii, kwa maana ya ubatizo, ndoa na mazishi, katika nyakati ambazo wenye mamlaka walihesabu ngozi kuliko walivyohesabu watu.

Katika visiwa vya Pribilof utawala wa Marekani haukuleta uhuru. Kwanza kampuni za biashara zilikodishwa haki ya kuvuna sili, na kuanzia mwaka 1910 serikali yenyewe ikasimamia. Ofisa wa serikali ndiye aliyepanga kazi, mgao wa chakula na ruhusa ya kutoka kisiwani, na kwa muda mrefu ujira ulitolewa kwa bidhaa badala ya fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Waaleut wa huko walilipwa dola milioni 8.5 kwa ajili ya dhuluma zilizofanywa kati ya mwaka 1870 na 1946, na uamuzi huo unatosha kuonyesha kwamba haya si manung'uniko ya wazee.

Sura iliyowabadilisha kuliko zote ni ya vita. Tarehe 3 na 4 Juni 1942 ndege za Japani zilishambulia Dutch Harbor, bandari ya Unalaska, na siku chache baadaye majeshi ya Japani yakavitwaa visiwa vya Kiska na Attu. Serikali ya Marekani iliamua kuwaondoa Waaleut. Kijiji cha Atka kilichomwa moto na wanamaji wa Marekani wenyewe, pamoja na kanisa lake, ili adui asikitumie. Watu 881 kutoka vijiji tisa walipakiwa melini, kila mmoja akiruhusiwa mzigo mdogo, wakapelekwa kusini-mashariki mwa Alaska, katika nchi ya misitu mikubwa ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Huko Unalaska wakazi wazungu waliruhusiwa kubaki, wakati majirani zao Waaleut waliondolewa.

Makazi waliyopewa yalikuwa viwanda vya samaki vilivyoachwa, kambi ya zamani ya machimbo ya dhahabu na mabanda mengine katika maeneo ya Funter Bay, Killisnoo, Burnett Inlet na Ward Lake. Maji hayakuwa safi, vyoo havikutosha, dawa zilikuwa haba na baridi ilipenya mbao zilizooza. Takriban mtu mmoja kati ya kumi alifia huko, wengi wao wakiwa wazee na watoto wadogo, na pamoja na wazee hao yalizikwa maarifa ya bahari, ya dawa na ya lugha ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Hata ndani ya mateso hayo, wanaume wa Pribilof walirudishwa visiwani mwaka 1943 ili wakavune sili kwa ajili ya serikali, huku familia zao zikibaki kambini. Waliporuhusiwa kurudi makwao, katika miaka ya 1944 na 1945, walikuta nyumba zimevunjwa na vitu vyao, hata picha takatifu za kanisani, vimeporwa na askari wa nchi yao wenyewe. Vijiji vya Makushin, Kashega na Biorka havikuinuka tena kuwa makazi ya kudumu, kwa kuwa waliobaki walikuwa wachache mno kuvifufua.

Wa Attu walipata mengine. Wakazi wa kijiji hicho, zaidi kidogo ya 40, walitekwa na Wajapani na kupelekwa mji wa Otaru katika kisiwa cha Hokkaido, ambako karibu nusu yao walikufa kwa njaa na maradhi, hasa kifua kikuu. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi Attu baada ya vita. Wengi wao walipelekwa Atka, kijiji cha watu wenye lahaja iliyo karibu na yao lakini wenye historia yao. Kituo cha walinzi wa pwani kilichokuwa Attu kilifungwa mwaka 2010, na tangu hapo kisiwa hakina mkazi hata mmoja. Gregory Golodoff, aliyekuwa wa mwisho kuwa hai kati ya waliotekwa kijijini hapo, alifariki mwishoni mwa mwaka 2023. Katika sensa, Attu ni sifuri. Lakini wajukuu wa Attu wapo Atka, Anchorage na kwingineko, na wanajijua kuwa ni wa Attu.

Mwaka 1988 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoomba radhi na kutoa dola 12,000 kwa kila Mwaleut aliyehamishwa na aliyekuwa bado hai. Wazee wa hapa kwetu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa katika Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 wangeweza kuyasikiliza masimulizi haya kwa utulivu wa mtu anayeyafahamu, ingawa siyalinganishi matukio hayo mawili kwa ukubwa wala kwa nia. Ninachokiona kufanana ni kimoja: mtu akiondolewa mahali, anaendelea kuhesabika vizuri sana katika takwimu za mahali papya, na hakuna safu ya jedwali inayoonyesha kwamba makaburi ya kwao yako kwingine.

Leo mji mkubwa wa eneo hilo ni Unalaska, wenye wakazi 4,254 kwa sensa ya mwaka 2020. Bandari yake imekuwa kwa miaka mingi ya kwanza nchini Marekani kwa uzito wa samaki wanaoshushwa, hasa pollock, na wakazi wenye asili ya Ufilipino ni wengi kuliko Waaleut, ambao wamekuwa sehemu ndogo ya mji waliouanzisha. Adak, katika kisiwa cha jina hilohilo, ilikuwa na maelfu ya wanajeshi na familia zao. Kituo cha jeshi la majini kilipofungwa mwaka 1997 mji ukabaki na majengo matupu, na sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu 171. Atka ilikuwa na watu 53, St. George 67 na St. Paul 413. Nikolskoye, upande wa Urusi, ina watu mia kadhaa, na Waaleut ni sehemu yao tu.

St. Paul, ambayo ndiyo jamii kubwa zaidi ya Waaleut wenyewe, inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Serikali ilipojiondoa katika uvunaji wa sili mwaka 1983 iliviachia visiwa hivyo viwili mfuko wa dola milioni 20, na uvunaji wa kibiashara ukakoma muda mfupi baadaye. Watu waliokuwa wamefungwa katika kazi moja kwa karibu miaka 200 wakalazimika kuanza upya. Walijenga bandari, wakaingia katika uvuvi, na kodi ya kaa wanaosindikwa kisiwani ikawa nguzo ya bajeti ya mji. Kisha, kati ya mwaka 2018 na 2021, joto lisilo la kawaida katika Bahari ya Bering liliangamiza kaa wa theluji kwa mabilioni, na mwezi Oktoba 2022 msimu wa kuwavua ulifutwa kwa mara ya kwanza. Nadhani hapa ndipo panapoonekana udhaifu wa jamii ndogo ya mbali: haihitaji balaa kubwa ili itikisike, inatosha bidhaa moja ipotee, kwa sababu bei ya mafuta, ya tiketi ya ndege na ya chakula haipungui kwa kuwa mapato yamepungua.

Sheria za kawaida nazo huwa na nguvu ya ajabu mahali pa watu wachache. Katika jimbo la Alaska, shule yenye wanafunzi pungufu ya kumi hupoteza sehemu kubwa ya ruzuku yake. Shule ya Nikolski ilifungwa kwa sababu hiyo. Mzazi mwenye watoto wawili hana budi kuhama, na akihama, idadi inashuka tena, na kurudi kunazidi kuwa kugumu. Hapa sikubaliani na wanaosema kwamba vijiji hivi vinakufa kwa sababu vijana wanavutwa na starehe za mjini. Familia haiwezi kulaumiwa kwa kufuata darasa.

Nilipokuwa karani huko Chemba, katika kaya moja ya Wasandawe, mkuu wa kaya aliyekuwa mzee sana alianza kunitajia wanawe kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine: aliyeko Dar es Salaam, aliyeko Mererani, aliyeolewa Singida. Nilimweleza kwa heshima kwamba naruhusiwa kuandika katika kishikwambi wale tu waliolala hapo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa hao wengine ni wa nani?" Utaratibu wa sensa ni sahihi, kwa kuwa bila usiku mmoja wa marejeo watu wangehesabiwa mara mbili, na hivyo ndivyo tulivyopata ile hesabu ya Watanzania 61,741,120. Lakini swali la mzee lilikuwa la halali, na lilikuwa na uzito wa pekee kwa jamii kama ya Wasandawe, ambayo lugha yake haina ndugu wa karibu, na ambayo ukubwa wake hauwezi kusomwa katika sensa zetu kwa kuwa baada ya sensa ya mwaka 1967 hatuulizi tena kabila. Kuacha kuuliza kabila kulikuwa na sababu njema katika kujenga taifa, nami naiheshimu sababu hiyo.

Waaleut wa Marekani wanalo jibu lao, ingawa halikutokana na sensa. Sheria ya mwaka 1971 ya kumaliza madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska iliunda mashirika ya kimaeneo ambayo wenyeji ndio wanahisa, na kwa ajili hiyo ikaandaliwa orodha ya watu kwa kufuata asili yao, popote walipokuwa wakiishi. Waaleut zaidi ya 3,000 waliandikishwa kuwa wanahisa wa Aleut Corporation, wakiwemo waliokuwa Anchorage au Seattle na ambao sensa isingewahesabu visiwani. Mabaraza ya vijiji nayo yana daftari za wanachama wao. Kwa hesabu za aina hiyo, St. George si watu 67 peke yao, na hata kijiji kisicho na shule bado kina watu wa kukipigia kura, wa kudai haki zake na wa kurudi kuzika.

Orodha ya mwaka 1971 ilikuwa na pengo lake: waliozaliwa baada ya tarehe 18 Desemba ya mwaka huo hawakuingizwa, na kila shirika likaachiwa liamue lenyewe baadaye kama litawapokea watoto hao au watasubiri kurithi hisa za wazazi. Kwa miaka kadhaa, basi, ndani ya nyumba moja mtoto mkubwa alikuwa mwanahisa na mdogo wake hakuwa. Siku hizi watoto wa Kialeut, wenye hisa na wasio na hisa, wanakutana kila mwezi Agosti katika kambi ya utamaduni ya Unalaska, wanakofundishwa kutengeneza fremu za mitumbwi, kukunja mbao za kofia, kusuka nyasi, kuchuna sili na kusema maneno ya lugha yao. Walimu wa lugha hiyo ni wachache na wengi wao wamezeeka, na idadi yao ndiyo takwimu ninayoifuatilia kwa wasiwasi zaidi kuliko ile ya wakazi.